Magoti ya Kolwezi na Historia ya Kuulizwa

Mtu wa Kolwezi aliyesumbuliwa na goti kwa miaka, siku akifika mbele ya daktari na picha yake ya eksirei, huweza kuulizwa swali ambalo mzazi wake hakuwahi kuulizwa: wewe mwenyewe unataka tufanye nini? Ameshaelezwa kwamba gegedu limekwisha, kwamba mfupa unasagana na mfupa, na kwamba upo upasuaji wa kuondoa kiungo kilichochakaa na kutia kingine cha chuma na plastiki. Jibu linalosikika mara nyingi ni fupi: nyinyi ndio mnaojua. Wapo wanaolisikia jibu hilo kama ujinga, wengine kama woga, wengine kama adabu iliyozidi. Mimi nalisikia kama ushahidi wa kihistoria. Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, kwa muda wa karibu maisha mazima ya mtu, mwili wa mfanyakazi, wa mkewe na wa mtoto wake ulikuwa na mwamuzi, na mwamuzi huyo alikaa katika ofisi ya kampuni. Kisha mwamuzi akaondoka, na uamuzi ukamwangukia mgonjwa ambaye hana fedha, hana faili, wala hana mazoea ya kuulizwa. Anayetaka kumsaidia mgonjwa wa viungo aamue vyema kuhusu kiungo bandia hana budi kuanzia kwenye historia hiyo kabla hajafikiria kuchapisha kijitabu chochote cha maelezo.

Mlango wa kuingilia kazini unatosha kuonyesha jambo lenyewe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka huohuo ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kukusanya vibarua vijijini. Kolwezi yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 1937, mji uliochorwa na kampuni kwa ajili ya kampuni. Aliyetaka au aliyelazimishwa kuajiriwa alipita kwanza mkononi mwa daktari. Alipimwa urefu, uzito na kifua, akachanjwa, akapewa namba. Kipimo hicho hakikukusudiwa kumwambia mtu hali yake. Kilikusudiwa kuiambia kampuni kama anafaa. Mwaka 1923 madaktari wawili wa Katanga, Pearson na Mouchet, walichapisha kitabu cha Kiingereza juu ya usafi katika kambi za wafanyakazi Waafrika, wakikiita maandishi yaliyotokana na miaka 18 ya kwanza ya kazi ya Wazungu Katanga. Jina lenyewe linatosha kutuonyesha daktari wa wakati ule alikuwa akitazama wapi. Alitazama kambi. Vifo vya nimonia na kuhara damu vilikuwa vingi, homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaviongeza, na daktari alikabidhiwa kazi ya kuvipunguza kama vile fundi anavyokabidhiwa pampu ya kutoa maji mgodini.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia. Badala ya vibarua wanaokuja na kuondoka, ilitaka watu wa mikataba ya miaka 3, wakae na wake zao, wazae hapohapo kambini, na watoto wao wakue wakiijua kazi. Mtu aliyehusishwa zaidi na siasa hiyo ni Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 aliieleza kwa maandishi kama sera ya kijamii ya kampuni. Mottoulle alikuwa daktari, na ndiye aliyeongoza idara ya wafanyakazi Waafrika. Yaani nyumba, posho, shule, kliniki na nidhamu vilikuwa chini ya mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa umesomea udaktari. Mama mjamzito alitakiwa kliniki, mtoto alitakiwa kupimwa, na posho ya ziada ilifungamana na kuhudhuria. Hapo ndipo wakazi wa kambi walipozoea kuiita kampuni baba, na mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliuchukua msemo huo akauweka katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba hutibu, hulisha, huadhibu. Baba haombi ridhaa.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: matibabu hayo yaliokoa maisha. Vifo kambini vilishuka, wanawake waliokuwa wakifa uzazini vijijini walijifungua salama, na hospitali za kampuni, kwanza chini ya Union Minière na baadaye chini ya mrithi wake, Gécamines, zilihesabiwa miongoni mwa bora nchini. Kuna wazee Kolwezi wanaozikumbuka kwa uchungu wa mtu aliyepoteza kitu cha thamani, na si haki kuwaambia kwamba walichokipoteza kilikuwa hila tupu. Nakubali yote hayo. Lakini mtu anaweza kutibiwa vizuri miaka 30 bila kujifunza hata mara moja jinsi ya kuamua kuhusu matibabu yake. Ubora wa huduma ulificha upungufu huo, kwa sababu kipele kilipokauka na mtoto alipopona, nani angeuliza kwa nini hakushauriwa? Upungufu ulikuja kuonekana siku huduma ilipokatika. Tusisahau pia kwamba hadi uhuru wa mwaka 1960 hapakuwa na Mkongo aliyehitimu udaktari kamili. Walikuwapo wauguzi na waganga wasaidizi, ambao kazi yao mbele ya mgonjwa ilikuwa kutafsiri amri ya bwana mkubwa kwa Kiswahili. Lugha ya mgonjwa ilitumika hospitalini kwa kuelekeza, kwa nadra sana kwa kujadiliana.

Wala wale waliotibiwa hawakuwa wametulia kama picha za kampuni zinavyoonyesha. Katika miaka ya ukoloni ilienea Katanga habari ya batumbula, watu waliosemekana kuwawinda Waafrika usiku kwa niaba ya Wazungu, wakawanenepesha na kuwala. Mwanahistoria Luise White aliziweka habari hizo pamoja na za banyama wa ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, na akaonya tusizicheke: zilikuwa namna ya watu kuzungumzia kazi, mwili na nani anafaidika na damu ya nani. Nadhani alikuwa sahihi. Mahali ambapo mtu hupimwa asiambiwe matokeo, huchomwa sindano asijue ya nini, na hulazwa kwa uamuzi wa mwajiri, uvumi hufanya kazi ambayo maelezo yalipaswa kuifanya. Tarehe 9 Desemba 1941, askari walipowafyatulia risasi wagomaji wa Union Minière katika uwanja wa mpira wa Elisabethville na kuua makumi ya watu, wafanyakazi waliona waziwazi baba huyo angeweza kufika wapi mtoto anapouliza.

Na viungo? Hapa ndipo kumbukumbu za kampuni zinapokuwa kimya. Mapafu yalipigwa picha, kwa sababu vumbi la mawe huua na kwa sababu sheria ilianza kulitambua. Ajali nayo ina siku na saa: jiwe limeanguka, mguu umevunjika, mwandishi ameandika. Goti linaloliwa polepole halina tarehe. Mtu hupiga magoti chini ya dari fupi, hubeba, huchuchumaa, hutikiswa na mashine, kisha akiwa na miaka 50 anashindwa kupanda ngazi, na hakuna anayeweza kuonyesha kidole kwenye siku moja na kusema ndiyo hii. Si Katanga peke yake. Mwaka 1952, Uingereza, Kellgren na Lawrence walilinganisha wachimbaji wa makaa ya mawe na makarani, wakaona magoti na migongo ya wachimbaji imechakaa zaidi. Kutokana na kazi yao ya miaka hiyo kilitoka kipimo cha ngazi 0 hadi 4 walichokichapisha mwaka 1957, na ambacho hadi leo madaktari dunia nzima hukitumia kusoma picha ya goti. Hata hivyo nchi hiyo ilisubiri hadi mwaka 2009 ndipo ilipolitaja rasmi goti lililochakaa kuwa ugonjwa wa kazi kwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kama Uingereza, yenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, ilichukua miaka 57 kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye fidia, hatuna sababu ya kushangaa kwamba mchimbaji wa Musonoi au Kamoto alistaafu na maumivu yake bila mtu kuyaandika.

Tena tunapozungumzia wachimbaji tunawasahau walio wengi. Dunia nzima goti huchakaa zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume, hasa baada ya miaka 50. Kolwezi wanawake ndio waliobeba maji, kuni na magunia ya mahindi, waliolima mashamba ya pembezoni mwa kambi, na ndio wanaoonekana leo wameinama mitoni wakiosha mawe yenye kobalti. Kampuni iliwaandika kama wake na kama mama. Matiti yao na matumbo yao yalikuwa na daftari. Magoti yao hayakuwa nalo.

Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, na mrithi wake akaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Bendera ilibadilika, mwamuzi alibaki palepale. Hospitali ya wafanyakazi, posho ya unga, shule za watoto, vyote viliendelea kufuata namba ya mfanyakazi. Vita vya Mei 1978 mjini Kolwezi viliwafukuza mafundi na madaktari wengi wa kigeni, lakini mashine iliendelea kwenda. Kilichoivunja ni miaka ya 1990. Mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga, na kampuni ikapoteza wafanyakazi wengi wenye ujuzi. Na shaba, iliyokuwa ikipita tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka chini ya tani 50,000 ilipofika mwaka 1994. Mishahara ilikatika. Madawa yalikatika. Wafanyakazi waliendelea kwenda kazini kwa sababu hospitali na shule, hata zikiwa tupu, bado zilikuwa zao.

Halafu ikaja karatasi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines ilianza mpango wa kuwapunguza wafanyakazi waliokuwa na zaidi ya miaka 25 kazini. Mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Watu 10,655 walitia sahihi. Jumla iliyolipwa ilikuwa kama dola milioni 43, yaani wastani wa dola 4,000 hivi kwa kila mtu, ingawa wengine walipata kidogo zaidi ya elfu na wengine makumi ya maelfu. Aliyetia sahihi aliachana na hospitali ya kampuni na shule zake. Wengi walisema baadaye kwamba hawakuelewa hesabu ilivyofanywa, kwamba madai yao ya mishahara ya nyuma yalimezwa humohumo, na kwamba mtu ambaye hajalipwa kwa miaka hana hiari ya kukataa fedha taslimu. Waliunda umoja wao na kudai kwa miaka mingi. Naikazia habari hii kwa sababu naona ndiyo kiini cha jambo. Wenye miaka 25 kazini walikuwa watu wa miaka 45 na kuendelea, umri uleule ambao nyonga na magoti huanza kudai deni lake. Kundi hilo hilo, mara tu lilipoanza kuwa wagonjwa wa viungo, lilitolewa nje ya hospitali kwa sahihi yake lenyewe, chini ya neno hiari. Leo anapokuja mtu mwenye koti jeupe akamwekea mmoja wao fomu ya ridhaa mezani, akamwambia soma, utie sahihi, hakuna anayekulazimisha, yule aliyewekewa fomu anafikiri tayari amesikia maneno hayo mahali fulani.

Ni kweli kwamba sayansi ya viungo bandia nayo haina haki ya kujitutumua, na historia yake inapaswa kuingia katika mazungumzo na mgonjwa. Mjerumani Themistocles Gluck alitia goti la pembe ya ndovu mjini Berlin karibu na mwaka 1890, na vidonda vikaoza. Smith-Petersen wa Boston alitumia mwaka 1938 kikombe cha Vitallium, aloi ya kobalti na kromi, kufunika kichwa cha nyonga. Wakati huo Union Minière ilikuwa tayari miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kobalti duniani. John Charnley wa Wrightington, Uingereza, ndiye aliyeifanya nyonga bandia kuwa matibabu ya kawaida. Lakini kabla ya kufaulu mnamo Novemba 1962, alikuwa amewawekea wagonjwa kama 300 kikombe cha Teflon kilichosagika ndani ya miaka michache na kuharibu mifupa yao, na ilimbidi awafungue tena. Ili kuthibitisha kwamba unga ule ndio ulioleta uvimbe, alijipandikiza Teflon katika paja lake mwenyewe. Namheshimu kwa hilo, ingawa naona wagonjwa wale wangependa kujua mapema. Hata karibuni, mwaka 2010, nyonga ya chuma kwa chuma iliyoitwa ASR, ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni baada ya kutiwa kwa watu wapatao 93,000. Chembe za kobalti na kromi zilikuwa zikiingia katika damu na nyama za baadhi yao. Kobalti, ambayo sehemu kubwa yake duniani hutoka katika ardhi inayokanyagwa na watu wa Kolwezi, ndiyo madini makuu katika upande wa juu wa magoti bandia mengi. Inachimbwa Lualaba, inarudi Lualaba mara chache sana, na ikirudi imekwishapata bei.

Kwa hiyo kumsaidia mgonjwa kuamua ni kumwekea mezani mambo ambayo kampuni haikuwahi kumwekea: faida, hasara, na yale ambayo daktari mwenyewe hana hakika nayo. Takwimu zipo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba katika kila magoti bandia 100, yapatayo 82 huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25, na katika nyonga 100, zipatazo 58. Ni habari njema, lakini zilitoka zaidi katika daftari za Australia na Finland, kwa watu wanaoketi kwenye kiti cha choo na kupanda gari kwa starehe. Goti bandia mara nyingi halikunji vya kutosha kuchuchumaa. Nyonga bandia inaweza kuchomoka mtu akiinama sana. Mwanamke anayelima kwa jembe la mkono na kutumia choo cha shimo anapaswa kuambiwa hivyo kabla, si baada. Anapaswa pia kujua kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti husema hawakuridhika. Kwamba vijidudu vikiingia kwenye kiungo bandia, kazi ya kuvitoa ni kubwa kuliko ya upasuaji wa kwanza. Na kwamba kiungo kilichotiwa Lusaka, Johannesburg au India kikileta matata, atakayekifuatilia anaweza kuwa mbali kilomita maelfu. Na aambiwe vilevile yale yanayowezekana bila kisu: kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, fimbo katika mkono wa upande usiouma, dawa za maumivu kwa kiasi kisichoharibu figo na tumbo. Hayo hayarudishi gegedu, ila huahirisha mengi.

Kuna kundi moja ambalo kwake hesabu hubadilika kabisa, nalo ni kubwa Kongo kuliko Ulaya. Wagonjwa wa selimundu, wale ambao mitaani huitwa kwa herufi mbili tu, SS, hupungukiwa damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja hadi mfupa ukafa na kuporomoka. Hali hiyohiyo huletwa na matumizi marefu ya deksamethasoni, dawa inayonunuliwa dukani bila cheti kama pipi. Hawa ni vijana, wengine hawajafika miaka 30. Ukimwambia kijana wa namna hiyo kwamba nyonga huchakaa kwa wazee na asubiri uzee wake, humsaidii. Ukimwambia nyonga mpya itamaliza matatizo, unamdanganya, kwa sababu huenda akahitaji ya pili na ya tatu. Malawi, nchi isiyo tajiri kuliko Kongo, ilianzisha mwaka 2005 daftari la taifa la viungo bandia, na miongoni mwa sababu kuu za kubadilisha nyonga zilizoandikwa humo katika miaka ya kwanza ni mifupa iliyokufa. Daftari kama hilo humwezesha daktari wa Blantyre kumjibu mgonjwa kwa habari za watu wanaoishi kama yeye. Daktari wa Lualaba anajibu kwa habari za Helsinki.

Kuna wasemao kwamba mazungumzo haya yote ni anasa: wachache mno Kolwezi wanaweza kulipia kiungo bandia, basi uamuzi uko wapi? Mimi naona kinyume. Bima ikilipa, kukosea ni hasara ya mwili peke yake. Kolwezi anayekwenda kupasuliwa ameuza kiwanja, amechangiwa na ukoo, pengine ameacha mtoto bila karo. Akikosea, wamekosea watu 20. Pale penye fedha kidogo ndipo maelezo yanapohitajika zaidi. Wengine husema kwamba wazo la mgonjwa kuamua ni la Kizungu, na kwamba huku mtu mzima humwachia mkubwa. Pingamizi hili linasahau kwamba nje ya ua wa kampuni watu wa Kongo hawakuwahi kuamua ugonjwa kwa amri ya mtu mmoja. John Janzen, katika utafiti wake wa Kongo ya Chini uliotoka mwaka 1978, alieleza jinsi jamaa wanavyokaa, wakapima, wakatuma mtu kwa mganga na mwingine hospitalini, wakabishana, ndipo wakakubaliana. Lualaba nako mjomba, dada mkubwa na watoto wenye kipato huitwa kabla ya jambo zito. Desturi ya kushauriana ni ya zamani kuliko mgodi. Iliyoletwa na reli ni ile nyingine, ya kupanga mstari na kusubiri jina lako liitwe. Hospitali inapompa mgonjwa dakika tano, peke yake, kwa Kifaransa, kisha ikashangaa kwamba anaitikia tu, imerudia ya kambi bila kujua.

Yupo daktari atakayeogopa kwamba mgonjwa akielezwa yote atakimbia. Baadhi watakimbia, ndiyo. Katika jimbo la Washington, Marekani, shirika la afya la Group Health liliwapa wagonjwa wa nyonga na magoti video na vitabu vya kuwasaidia kuamua. Ripoti ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba ndani ya miezi sita upasuaji wa nyonga ulipungua kwa asilimia 26 na wa magoti kwa asilimia 38. Kwa anayehesabu mapato ya chumba cha upasuaji hiyo ni hasara. Kwa anayehesabu watu, maana yake ni kwamba wengi walikuwa wakipasuliwa kabla hawajaelewa, na hao ni Wamarekani, waliosoma, wenye bima na wenye wakili. Tusiudhike basi mzee wa Kolwezi akiomba muda. Goti lililochakaa si mimba iliyokwama wala utumbo uliojikunja. Halimlazimishi mtu kuamua jioni ile ile. Anaweza kuchukua wiki, hata miezi, na mara nyingi hapotezi kitu.

Ombi langu kwa wanaoendesha hospitali za Lualaba, za serikali, za kampuni na za makanisa, ni dogo na halihitaji mashine. Fomu ya upasuaji wa viungo iandikwe kwa Kiswahili cha Kolwezi, itaje choo, jembe, gharama ya kurudi na jina la atakayemfuatilia mgonjwa akirudi nyumbani. Kisha apewe aende nayo kwao, ikasomwe mbele ya jamaa, na irudi siku nyingine, imetiwa sahihi au haikutiwa.